Moto Ukiwaka Kikundini, Kiongozi Afanye Nini?



Kuna swali moja ambalo viongozi wa vikundi hawaulizi mbele ya watu. Hungoja mkutano uishe na wengine waende nyumbani. Halafu humvuta mfanyakazi wa maendeleo kando, pale pikipiki imeegeshwa, na kusema polepole: "Nikuulize kitu. Hawa watu wakianza kugombana, mimi nifanye nini?"

Somo hili ni kwa ajili ya swali hilo. Kati ya vikundi nilivyoona vikifa, vichache tu vilikufa kwa kukosa pesa. Vingi vilikufa kwa maneno. Mradi ulikuwepo, ng'ombe walikuwepo, hata akiba ilikuwepo, lakini watu hawakuweza tena kukaa kwenye benchi moja.

LENGO LA SOMO: Mwisho wa somo hili wanakikundi waweze (a) kutambua hisia zilizojificha chini ya ugomvi, (b) kufuata hatua za kupatanisha, na (c) kuandika katika katiba yao namna watakavyoshughulikia ugomvi kabla haujaja.

MUDA: Saa mbili na nusu. Mnaweza kugawanya kwa mikutano miwili.

VIFAA: Ubao au karatasi kubwa, chaki au kalamu nene, na katiba ya kikundi.

KWA ANAYEONGOZA: Soma somo lote peke yako siku moja mbele. Kama kikundi chenu kina ugomvi sasa hivi, usianze na ugomvi wenu. Anza na igizo. Ni rahisi mtu kuona kosa katika igizo kuliko kuliona kwake mwenyewe.


SEHEMU YA KWANZA: IGIZO FUPI

Watu wanne waigize. Wengine waangalie bila kuingilia.

MWEKA HAZINA: (anafungua daftari) Mwezi huu tulitakiwa kukusanya shilingi 9,200. Tumepata 7,600. Kuna upungufu wa 1,600.

MWANACHAMA WA KWANZA: Upungufu! Kila mwezi ni upungufu. Hiyo pesa huwa inaenda wapi?

MWEKA HAZINA: Unataka kusema mimi ni mwizi?

MWANACHAMA WA KWANZA: Mimi sijasema. Wewe ndiye umesema.

(Watu wanacheka.)

MWANACHAMA WA PILI: (polepole) Kwa kweli mimi mwezi huu sijatoa, ni vile mtoto...

MWENYEKITI: (anapiga meza) Nyamazeni! Kwani nyinyi ni watoto? Hatukuja hapa kupiga domo. Katibu, soma ajenda inayofuata!

MWEKA HAZINA: Basi chukueni daftari lenu. (Analiweka chini na kuondoka.)

Maswali ya kujadiliana:

1. Shilingi 1,600 zilikuwa wapi? Nani alikuwa karibu kutoa jibu?
2. Mweka hazina alisikia nini moyoni watu walipocheka?
3. Mwenyekiti alikuwa na hisia gani alipopiga meza? Alikuwa amekasirika, au alikuwa na hofu?
4. Je, mambo kama haya hutokea kwetu?

Wape watu nafasi ya kuongea. Mara nyingi watagundua wenyewe kwamba mwanachama wa pili alikuwa anataka kueleza jambo ambalo lingemaliza maneno yote. Mwenyekiti alipopiga meza alipata kimya, lakini hakupata amani. Kikundi kikiwa kimya, kiongozi asidhani kimekubaliana.

Njia hii ya kuanza na igizo na maswali badala ya hotuba si mpya kwetu. Ilienea Kenya tangu miaka ya 1970 kwa mafunzo ya DELTA, yaliyofuata mawazo ya Paulo Freire, mwalimu wa Brazil aliyeishi kutoka 1921 hadi 1997. Freire alifundisha kwamba watu wazima hawajifunzi vizuri kwa kumiminiwa maneno kama maji kwenye mtungi. Hujifunza wanapoyatazama maisha yao wenyewe na kuuliza, "Kwa nini?"


SEHEMU YA PILI: KISA CHA TANGI LA NANE

Kisa hiki ni cha kweli. Nakisimulia kwa sababu kosa moja katika kisa hiki ni langu.

Mwaka 2009 ulikuwa wa kiangazi kikali Ukambani. Wakati huo nilikuwa nikitembelea kikundi kimoja cha akina mama 12 waliokuwa wakijengeana matangi ya saruji ya kuvuna maji ya mvua. Kazi ilikuwa ya mwethya, yaani wote wanakwenda kwa mmoja, kisha kwa mwingine, kwa zamu. Mchanga walibeba kutoka mtoni, kokoto waligonga wenyewe, na kila mama alitoa shilingi 200 kwa wiki kwa ajili ya saruji, waya na fundi. Zamu zilipangwa kwa kura tangu mwanzo.

Matangi saba yaliisha vizuri. La nane lilikuwa la mjane mmoja. Lakini zamu yake ilipofika, mwenyekiti alipeleka saruji kwa mama wa kumi, kwa sababu nyumbani kwake kulikuwa na mgonjwa wa kitandani. Sababu hiyo ilikuwa nzuri kabisa. Lakini mwenyekiti alishauriana na katibu peke yake. Yule mjane alipata habari alipoona mkokoteni wa saruji ukipita mbele ya boma lake bila kusimama.

Hakusema kitu. Alianza tu kuchelewa kazini. Akatozwa faini ya shilingi 50. Akachelewa tena, akatozwa tena. Faini ya tatu ilipotajwa mkutanoni, alisimama akasema kwamba mwenyekiti anakula pesa za wajane. Mkutano ukalipuka.

Niliitwa mimi. Nilikuja na kalamu na kikokotoo, nikakagua daftari kwa saa mbili nzima. Hesabu zilikuwa sawa mpaka shilingi ya mwisho. Nilitangaza hivyo mbele ya wote, nikiona kwamba nimemaliza kazi. Mwenyekiti alipumua. Yule mjane aliinamisha kichwa, na niliona machozi yanataka kumtoka. Niwaambie ukweli, niliogopa. Sikujua ningefanya nini na mama anayelia mbele ya wenzake. Kwa hiyo nikasema, "Tusimame, tufunge kwa sala." Sala ile niliitumia kama mlango wa kutorokea. Mungu anisamehe.

Wiki iliyofuata yule mjane hakuja. Majirani zake wawili walimfuata. Mchango wa wiki ukashuka kutoka shilingi 2,400 hadi 1,800, fundi akapata kazi kwingine, na tangi la nane halikujengwa.

Mvua za vuli zilipokuja nilikwenda kumtembelea. Paa lake la mabati lilikuwa mita 6 kwa mita 4. Wale ambao mmefanya kazi ya matangi mnajua hesabu hii: mvua ya milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Basi mvua ya milimita 30 juu ya paa lile la mita za mraba 24 ni lita 720, yaani mitungi 36 ya lita 20. Hata ukitoa yale yanayomwagika, ni mitungi 30 na zaidi, kwa mvua moja tu. Yeye alikuwa amepanga sufuria mbili na beseni chini ya paa. Maji mengine yote yalikuwa yanakwenda zake mtoni.

Nilimwuliza kwa nini alisema pesa zinaliwa na alijua haziliwi. Alinijibu: "Ningesema nini? Ningesema nimedharauliwa, mngeandika hiyo kwa kitabu? Yule mama mwenye mgonjwa, zamu yangu ningempa mimi mwenyewe. Lakini hata hamkuniuliza."

Simamisha kusoma hapa. Waulize wanakikundi: Mwenyekiti alikosa wapi? Mjane alikosa wapi? Wenzao waliotazama tu, je? Na mfanyakazi wa maendeleo?


SEHEMU YA TATU: HISIA ZETU

Wengi wetu tulifundishwa kwamba Mkristo mwema hakasiriki. Hiyo si kweli. Injili ya Marko, sura ya 3, inasema wazi kwamba Yesu aliwatazama watu kwa hasira, huku akihuzunika kwa ugumu wa mioyo yao. Kisha akafanya nini? Hakumpiga mtu. Alimponya mgonjwa aliyekuwa mbele yake. Kuwaka hasira si dhambi. Swali ni hasira inakupeleka wapi.

Hasira huanza mwilini kabla ya mdomoni. Moyo unapiga mbio, pumzi inakuwa fupi, mikono inatetemeka, uso unakuwa moto. Mwili unajitayarisha kupigana au kukimbia. Wakati huo akili ya kufikiri taratibu huwa imewekwa kando, ndiyo maana mtu husema maneno ambayo baada ya saa moja hata yeye mwenyewe anayashangaa. Wazee walisema hasira ni hasara, na hawakuwa wamesoma udaktari.

Lakini mara nyingi hasira ni kama blanketi, imefunika kitu kingine. Inua blanketi uangalie. Utakuta:

- HOFU. Mweka hazina anayefoka huenda anaogopa kuitwa mwizi kijijini.
- AIBU. Mama asiyelipa mchango anagombana ili asiulizwe mbele ya watu.
- UCHUNGU WA KUDHARAULIWA. Huu ndio uliokuwa kwa yule mjane.
- HUZUNI. Mtu aliyefiwa anaweza kuwa mkali kwa jambo dogo.
- UCHOVU. Kiongozi anayebeba kila kitu peke yake hukasirikia hata mtoto anayepita.

Hili la uchovu ni la viongozi hasa. Someni habari za Nabii Eliya katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19. Alichoka mpaka akaketi chini ya mti na kuomba afe. Mungu hakumkemea wala hakumhubiria. Alimtuma malaika na mkate na maji, akamwacha alale, akamlisha tena. Maneno yalikuja baadaye. Kiongozi, kama umelala saa tatu na hujala tangu asubuhi, usiamue kesi ya watu. Kula kwanza.

Na wakati hasira imekushika wewe mwenyewe katikati ya mkutano, fanya hivi:

1. Weka miguu yote miwili chini na uvute pumzi polepole mara tano. Pumzi ya kutoka iwe ndefu kuliko ya kuingia.
2. Jiambie kimya hisia yako kwa jina lake: "Nimeaibika," au "Naogopa." Hisia iliyopewa jina hupungua nguvu.
3. Ikiwa bado unawaka, sema hivi: "Wapendwa, jambo hili ni kubwa, na mimi sasa nimekasirika. Tupumzike dakika kumi, tunywe maji, turudi." Huo si udhaifu. Wanakikundi watakuamini zaidi.
4. Usitume ujumbe wa simu ukiwa na hasira, wala usigombane na mtu kwenye WhatsApp ya kikundi. Neno la mdomo hupita, lakini la simu husomwa tena usiku wa manane na kutumiwa kwa watu ambao hawakuwepo.


SEHEMU YA NNE: UGOMVI UNATOKA WAPI?

Daktari hatoi dawa kabla ya kujua ugonjwa. Kiongozi naye aulize ugomvi huu ni wa aina gani.

(a) Ugomvi wa habari. Mtu hakuambiwa, au aliambiwa nusu. Dawa yake ni kusoma hesabu na kumbukumbu mbele ya wote, kila mkutano.

(b) Ugomvi wa vitu. Pesa, maji, shamba, zamu, mkopo. Dawa yake ni kugawana kwa utaratibu unaojulikana.

(c) Ugomvi wa kazi na cheo. Nani anaamua? Nani anaweka sahihi benki? Dawa yake ni kuandika kazi ya kila mmoja.

(d) Ugomvi wa uhusiano. Jambo la zamani, la ndoa, la mpaka wa shamba, limeletwa kikundini. Dawa yake ni kuongea na wahusika pembeni, tena taratibu.

(e) Ugomvi wa imani na mila. Dawa yake ni heshima. Si lazima tufanane ndipo tufuge kuku pamoja.

Jihadharini: ugomvi unaweza kuvaa nguo ya mwingine. Katika kisa chetu, nguo ilikuwa ya pesa, lakini ndani kulikuwa na kutoambiwa na kudharauliwa. Mimi nilitibu nguo.


SEHEMU YA TANO: HATUA SABA ZA KUPATANISHA

Katika Injili ya Mathayo, sura ya 18, Yesu anatupa utaratibu: nenda kwanza kwa ndugu yako, wewe na yeye peke yenu, asipokusikia, chukua mmoja au wawili, akikataa bado, lieleze kanisa. Sisi mara nyingi huanza mwisho. Tunaanza kwa kutangaza kwa watu wote, halafu tunashangaa kwa nini mwenzetu amekuwa mgumu. Hatua hizi saba zinafuata njia ile ya Mathayo.

HATUA YA 1: ZUIA MOTO USIENEE. Simamisha maneno makali bila kumwaibisha mtu. Sema: "Nimesikia jambo hili linawauma wote wawili. Halitapotea. Tutalishughulikia Jumatano." Taja siku, kisha itimize.

HATUA YA 2: SIKILIZA KILA MMOJA PEKE YAKE. Mtembelee nyumbani. Usimpitie mmoja tu, maana mwingine ataona umeshachukua upande. Uliza, "Ilikuwaje?" kisha nyamaza. Usiulize, "Kwa nini ulifanya vile?" Swali hilo humfanya mtu ajitetee.

HATUA YA 3: RUDISHA ULICHOSIKIA. Sema kwa maneno yako: "Kama nimekuelewa, kilichokuuma si saruji, ni kwamba hukuulizwa. Ni hivyo?" Mtu akisikia maneno yake yamefika, mabega hushuka. Akilia, mwache alie. Kaa naye. Machozi hayahitaji hotuba.

HATUA YA 4: WAKUTANISHE. Tafuta mahali pasipo pa mmoja wao. Awepo mzee au mama mmoja anayeheshimiwa na pande zote mbili. Wekeni masharti matatu: mmoja anasema kwa wakati mmoja, hakuna matusi, na hakuna kutaja mambo ya nje ya jambo hili.

HATUA YA 5: TENGA MTU NA JAMBO. Wafundishe kusema "mimi" badala ya "wewe." Badala ya "Wewe unadharau watu," aseme, "Mimi niliumia nilipoona mkokoteni unapita." La kwanza ni mashtaka, na mtu hulijibu kwa mashtaka. La pili ni habari, na ni vigumu kuligombania.

HATUA YA 6: TAFUTENI NJIA PAMOJA. Uliza kila mmoja: "Unahitaji nini ili uweze kufanya kazi na mwenzako tena?" Andika yote, hata yasiyowezekana, kisha mchague. Kama kuna aliyekosa, aombe msamaha kwa kutaja kosa lake. "Nisamehe kama nimekukosea" si msamaha kamili. "Nisamehe, nilibadilisha zamu yako bila kukuuliza," huo ndio msamaha.

HATUA YA 7: ANDIKENI NA KUFUATILIA. Nani atafanya nini, mpaka tarehe gani. Wote waweke sahihi au kidole. Baada ya wiki mbili na tena baada ya miezi miwili, kiongozi aulize, "Tunaendeleaje?" Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kama mgomvi mmojawapo ni mwenyekiti, yeye asiongoze kikao hicho. Mtu hawezi kuwa mchezaji na refa kwa mechi moja.

Zoezi: Gawanyikeni wawili wawili. Mmoja awe mwenyekiti na mwingine awe mjane wa tangi la nane. Fanyeni hatua ya 2 na ya 3 tu kwa dakika kumi. Kisha badilishaneni. Mwulize mwenzako, "Ulisikiaje niliposema vile?"


SEHEMU YA SITA: WENGINE WALIFANYAJE?

Kanisa la kwanza. Someni Matendo ya Mitume, sura ya 6. Waumini waliosema Kigiriki walinung'unika kwamba wajane wao wanasahauliwa katika ugawaji wa kila siku. Ona wale mitume walifanya nini. Hawakusema, "Mnatuita wezi?" Hawakuwafukuza walionung'unika. Waliita watu wote, wakasema haifai waache neno la Mungu ili wahudumie mezani, wakawaambia watu wenyewe wachague wanaume saba waaminifu. Tena tazameni majina ya wale saba, Stefano, Filipo na wenzao. Yote ni majina ya Kigiriki. Kazi ya kugawa iliwekwa mikononi mwa watu waliokuwa karibu na wale waliosahauliwa. Viongozi hawakupoteza heshima kwa kugawa mamlaka.

Akina mama wa Wajir. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 koo za Wajir zilipigana vibaya, watu wengi wakauawa na mifugo ikaporwa. Chuki ikafika mpaka sokoni, ambako akina mama wa koo mbalimbali walishindwa kuuziana hata maziwa. Mwaka 1993 kikundi cha wanawake, akiwemo Dekha Ibrahim Abdi, walianza na kile walichoweza: soko. Walichagua kamati ya akina mama wa kulinda soko ili kila mwanamke, wa ukoo wowote, auze na kununua bila kubughudhiwa. Kutoka hapo walikwenda kwa wazee, kwa vijana na kwa serikali. Mwaka 1995 kazi hiyo iliunganishwa na kamati ya wilaya ya amani na maendeleo. Dekha alipewa tuzo ya kimataifa ya Right Livelihood mwaka 2007, na alifariki mwaka 2011. Hawa walikuwa Waislamu, na wanatufundisha sisi sote. Kama watu waliozika ndugu zao waliweza kurudi kwenye soko moja, sisi tunashindwaje kwa ajili ya faini ya shilingi 50?


SEHEMU YA SABA: MAMBO AMBAYO KIKUNDI HAKIPATANISHI

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 159, inataka mahakama zikuze njia za upatanisho na usuluhishi, pamoja na zile za jadi. Kwa hiyo kazi yenu ya kupatanisha inatambuliwa. Lakini kifungu hichohicho kinasema njia za jadi zisivunje haki za binadamu.

Basi kuna mambo ambayo si ya kumaliza chini ya mwembe. Mtoto aliyenajisiwa, mwanamke aliyebakwa, mtu aliyekatwa panga au kutishiwa kuuawa, hayo si "ugomvi wa kikundi." Hayamalizwi kwa mbuzi wala kwa sala ya pamoja. Hayo ni makosa ya jinai, na kunajisi na kubaka kumetajwa katika Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006. Mpelekeni aliyeumizwa hospitalini upesi, kabla ya saa 72 kupita, asioge kwanza wala asifue nguo alizovaa, kisha mwende polisi. Kwa watoto kuna simu ya bure 116, na kwa dhuluma za kijinsia kuna 1195.

Na wizi wa kweli wa pesa za kikundi? Kagueni daftari kwanza, mpeni mtu nafasi ya kueleza na kurudisha kwa maandishi. Akikataa, nendeni kwa afisa wa maendeleo ya jamii wa kaunti ndogo, kisha polisi. Kusamehe si kuacha pesa za watu zipotee. Na mtu anaweza kusamehewa kabisa lakini asipewe tena kushika sanduku.


SEHEMU YA NANE: ANDIKENI KABLA YA MVUA

Paa halitengenezwi wakati wa mvua. Vikundi vinavyosajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022 vinahitaji kuwa na katiba yake. Fungueni katiba yenu leo, mtafute sehemu ya ugomvi. Kama haipo, au kama ina mstari mmoja tu, jadilianeni haya na mwandike:

- Mwenye malalamiko ataanza kwa nani?
- Ni akina nani watatu wanaoaminiwa kusuluhisha, ambao si viongozi? (Angalau mmoja awe mwanamke na mmoja awe kijana.)
- Malalamiko yajibiwe kwa siku ngapi? (Siku 14 zinatosha.)
- Zamu au mkopo ukitaka kubadilishwa, ni nani LAZIMA aulizwe kwanza?
- Kabla ya faini ya pili, nani atamtembelea mtu nyumbani kujua ana shida gani?

Hilo la mwisho naomba msiliruke. Faini humwadhibu aliyechelewa, lakini haiulizi kwa nini amechelewa.


KAZI YA NYUMBANI

Kabla ya mkutano ujao, kila mmoja afikirie mtu mmoja kikundini ambaye hawaongei vizuri. Amtembelee. Asiende na hotuba, aende na swali: "Kuna jambo nilikukosea?" Kisha asikilize bila kujitetea. Msilete taarifa ya mlichoambiana. Mseme tu, "Nilikwenda."

Yule mama wa tangi la nane nilimrudia mwaka uliofuata pamoja na mwenyekiti. Mwenyekiti alimwomba msamaha kwa kutaja kosa lake, na mimi nikaomba kwa la kwangu, la sala ile. Alitusamehe, akatupikia chai kwa maji ambayo alikuwa ameyabeba mwenyewe. Hata hivyo kikundi hakikurudi tena. Ndiyo sababu nawaomba msichelewe. Msamaha hauna muda wa kwisha, lakini kikundi kinao.

TUOMBE: Ee Mungu wa amani, wewe uliwalisha waliochoka na kuwasikia walionung'unika. Utupe masikio ya kusikia hata yule asiyejua kusema lililo moyoni. Utuzuie ulimi wakati tunawaka, na utupe ujasiri wa kukaa na anayelia. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.